Bosi alitaka simu yake ilie kila tukifanya kazi: hook ya git iliyomtoa kazini dada aliyenifundisha

Wakuu, nawasalimu kutoka huku mpakani Tunduma.

Nimesoma nyuzi za humu muda mrefu bila kuandika hata neno. Leo naandika kwa sababu nina hasira na sijui pa kuzipeleka. Ninayoyasema niliyaona mwenyewe, nilikuwemo chumbani. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana huku watu tunajuana.

Mimi ni darasa la saba. Naandika polepole, sentensi moja naifuta na kuirudia. Ana kwa ana naongea kidogo zaidi. Wengine wanadhani nina dharau. Sina. Maneno yangu huwa yanachelewa kufika mdomoni, yakifika mazungumzo yameshahamia kwingine.

Kwetu ni Ikinga, Ileje. Nilikuja Tunduma kutafuta maisha nikapata kazi kwenye stationery karibu na maegesho ya malori. Kutoa photocopy, kuchapa barua, kazi za namna hiyo.

Hapo ndipo aliponikuta dada mmoja, nitamwita Tusekile. Ni Mndali kama mimi, kwao ni Isongole. Alikuwa anatengeneza programu kwenye ofisi moja ya jirani, na printa yao ilikuwa mbovu, kwa hiyo alikuwa anakuja kuchapa kwetu.

Siku moja akaona nimeandika kijifaili cha kubadilisha majina ya mafaili ya wateja yote kwa mpigo.

Akauliza, "Nani kakufundisha hiki?"

Nikasema hakuna.

Akasema, "Kimekaa vibaya, lakini kinafanya kazi. Njoo ofisini nikuoneshe."

Nilienda. Akaniombea kwa bosi wake, nikachukuliwa. Kila ninachokijua kuhusu code, yaani maandishi ya programu, nimekijua kwa yule dada, akiwa amekaa pembeni yangu, anasubiri nifike mwenyewe kwenye jibu. Hakuwahi kuninyang'anya keyboard.

Huyo dada leo hana kazi. Uzi huu ni wa jinsi alivyoipoteza.

Sasa niwaeleze ofisi ilivyokuwa.

Bosi ni mtu wa pwani, ameishi Tunduma miaka mingi. Ana malori yanayokwenda Zambia mpaka Kongo. Aliona mawakala wa forodha wanavyohangaika na makaratasi ya mizigo, akaamua kuanzisha programu ya kuziandaa hizo nyaraka. Wazo zuri, sitamnyima sifa yake. Aliyeiandika ni Tusekile. Mimi na mwenzangu, nitamwita Beni, kijana wa Kinyiha kutoka Vwawa, tulikuja baadaye kusaidia.

Code yetu ilikuwa kwenye git. Server yenyewe, yaani mashine inayotunza code ya wote, ni kompyuta ya zamani iliyowekwa chini ya meza ya Beni. Haikuwa kwenye internet. Ukitaka kuifikia unakuja ofisini, unachomeka waya.

Kwa wasiojua, git ni programu ya kutunza code. Ukimaliza kipande cha kazi unafanya commit, yaani unakiweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta yako pamoja na maelezo mafupi. Commit haihitaji mtandao. Unaweza kukaa shambani ukafanya commit wiki nzima. Ukifika penye server unafanya push, zote zinapanda kwa pamoja.

Shikeni hapo. Commit ndiyo kazi. Push ni kuisafirisha.

Mama yake Tusekile akapooza upande mmoja. Hakuna mwingine wa kumgeuza kitandani wala kumlisha. Dada akaongea na Bosi, wakakubaliana vizuri tu, mimi nikisikia. Atafanyia kazi Isongole kwa laptop ya ofisi, na kila Ijumaa atakuja Tunduma kuleta kazi na kununua dawa za mama.

Bosi alimwambia, "Mama ni mama. Nenda, wala usiwe na wasiwasi."

Ikawa hivyo. Anafanya kazi akiwa kando ya kitanda cha mgonjwa, laptop anaichajisha kwa kinyozi mwenye jenereta. Ijumaa anapanda Noah ya abiria ya asubuhi, anafika, anachomeka waya, anafanya push, anatueleza alichobadilisha, anakwenda duka la dawa, anarudi kwao. Mawakala walikuwa hawajui hata kama kahama, maana walichoomba walikuwa wanakipata.

Shida ilianza na GPS.

Bosi alifunga GPS kwenye malori yake yote. Lori likiwashwa simu yake inalia. Likisimama inalia. Mlango wa mzigo ukifunguliwa inalia. Alikipenda kitu kile kuliko hata malori yenyewe. Anakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya ofisi na kahawa yake, simu inalia, anatusomea kwa sauti.

"Huyu kasimama Kapiri. Anakula nshima huyu. Haya, kula, nakuona."

Ana sababu yake, niiseme ili nisimuonee. Kuna dereva alimwambia ameharibikiwa gari huko Mpika, Zambia, kumbe lori lilikuwa linabeba mahindi ya watu. Tangu hapo anasema haamini mdomo wa mtu, anaamini simu.

Siku moja akaja akasimama nyuma yangu. Mimi nilikuwa nasoma code, sikuwa naandika kitu.

"Bwana mdogo, nyinyi mnakaa hapa kutwa mnatazama kioo. Mimi nitajuaje kama mnafanya kazi ama mmelala macho wazi?"

Maneno yalikuwa njiani.

Beni akadakia, "Bosi, sisi madereva tu, ila hatujapewa usukani."

Alikuwa anatania. Bosi hakucheka.

"Basi nifungieni GPS."

Tukadhani utani umeendelea. Kesho yake akaja na modem na laini mpya ya simu, akaniwekea mezani. "Dada yako anasema wewe ndiye unayeielewa server. Nataka mtu akifanya kazi, simu yangu ilie. Kama gari."

Sasa hapa naeleza kidogo kwa vijana wanaojifunza, maana mimi nilihangaika na sikupata pa kuuliza.

Ndani ya git kwenye server kuna folder linaitwa hooks. Hook ni script, yaani kijifaili cha amri, ambayo git inaiendesha yenyewe tukio fulani likitokea. Fikirieni geti la mpakani. Lori likifika, kabla halijapita, kuna askari anayeweza kusema rudi. Hiyo ni pre-receive. Likishapita, kuna mwingine anayepiga simu mbele kusema limeingia. Hiyo ni post-receive. Yeye hawezi kulirudisha, anatoa taarifa tu.

Nilichohitaji ni post-receive, ipitie kwenye ile modem kumtumia Bosi ujumbe wa simu.

Ndani ya folder utakuta mifano yenye mwisho wa .sample. Hiyo haifanyi kitu mpaka jina libaki post-receive peke yake. Mimi niliandikia yangu kwenye Notepad ya Windows, ikanibandikia .txt kwa siri. Hook haikufanya kazi. Nilipoondoa .txt ikakataa tena, maana sikuwa nimeipa ruhusa ya kuendeshwa. Nikaipa. Ikakataa tena. Notepad inamalizia mistari kwa alama ambazo Linux, mfumo wa ile server, haizitaki, na macho hayazioni. Nikafuta yote, nikaiandika upya pale pale kwenye server.

Nikafanya push ya kujaribu. Nje, simu ya Bosi ikalia.

Nisidanganye, nilifurahi. Nilipofika mlangoni nikamkuta Bosi anatabasamu, anawaonesha madereva wawili simu yake.

Ujumbe niliouandika ulisema jina la mtu na maneno "ametuma kazi". Bosi akausoma, akaniita. "Hapa badilisha. Andika amefanya kazi. Kutuma mimi kunanihusu nini?"

Nikajaribu kumweleza kuwa server inajua kutuma tu, haijui kufanya. Nikafika katikati ya sentensi simu ikalia, lori limefika Nakonde, akaondoka. Nikabadilisha kama alivyotaka.

Beni aliushika mchezo kabla ya jua kuzama. Anaongeza nafasi kwenye mstari mmoja, push. Anaitoa, push. Anabadilisha maelezo, push. Nje simu inalia, inalia.

Nikamwambia, "Beni, hiyo siyo kazi."

"Nampigia mzee honi. Wewe Mndali kaa na ukimya wako, mwisho wa mwezi tutaulizana."

"Unamdanganya."

"Sijamdanganya mtu. Kaomba mlio, nampa mlio. Mimi nina mtoto anakunywa maziwa ya kopo."

Nikageukia kioo changu.

Bosi alikuwa anaingia ndani anampiga Beni begani. "Huyu gari zima huyu. Halizimi."

Mimi nilikuwa lori linalokwenda taratibu. Alinivumilia kwa kuwa ananiona kwa macho. Ila kwa Tusekile simu ilikuwa kimya tangu Jumatatu. Jumanne kimya. Jumatano Bosi akaniuliza kama modem ina shida. Nikamwambia modem nzima, Dada Tuse analeta Ijumaa kama mlivyokubaliana. Akaguna.

Ijumaa Tusekile akaja, vumbi la njia ya Ileje mpaka kwenye kope. Akachomeka waya, akafanya push. Kazi ya wiki nzima, ukurasa mzima wa mizigo ya mafuta ambao mawakala walikuwa wanaulilia.

Simu ya Bosi ikalia. Mara moja.

Akaingia nayo mkononi. "Tuse, wiki nzima kazi moja?"

Dada akacheka, akidhani ni utani wa asubuhi. "Bosi njoo uone mwenyewe." Akafungua ule ukurasa, akaanza kumwonesha.

Bosi hakutazama kioo hata kidogo. Nasema nilimwona. Macho yake yalikuwa kwenye simu.

"Hayo mimi siyajui. Mimi najua Beni kaniliza simu wiki nzima, wewe umeniliza mara moja."

Wakuu, hapo ndipo hasira yangu ilipoanza. Ungekuwa umekaa mezani mtu anakuletea ugali, nawe unauliza kwa nini sahani haikulia wakati inawekwa.

Ijumaa iliyofuata ikawa vile vile. Mlio mmoja. Safari hii Bosi alituita wote tukae.

"Mimi si mtu mbaya. Nilisema nenda kauguze mama, na umeuguza. Lakini naona umegeuza ofisi yangu kuwa mshahara wa kuuguzia. Ijumaa ijayo simu ikilia mara moja tena, tafuta kazi huko huko kwenu."

Tusekile akasema kwa utulivu, "Bosi, ile hook inahesabu safari. Haihesabu mzigo."

"Usinifundishe safari na mzigo, Tuse. Hiyo ndiyo shughuli yangu."

Dada alikuwa anaogopa kuchelewa Noah, dawa zilikuwa bado hazijanunuliwa. Akaondoka na macho mekundu, na mimi nikabaki na server.

Nikakaa nayo. Nilijua cha kufanya. Push ikifika, git inaipa post-receive vitu vitatu: namba ya commit ya zamani, namba ya mpya, na jina la tawi la code. Kwa hiyo unaweza kuiuliza git, kati ya ile ya zamani na hii mpya kuna commit zipi? Inakupa zote, moja moja, kila moja na mwenyewe, tarehe na maelezo yake. Nikaandika script iwe inazungukia hizo zote, kila commit itume ujumbe wake kwa Bosi. Na tarehe ya commit nikaiweka ndani ya ujumbe, ili aone Jumatatu alifanya nini, Jumanne nini.

Nikajaribu na kazi zangu, ikafanya vizuri. Nikamtumia Dada Tuse ujumbe kumjulisha. Simu yake kule Isongole, jirani na Malawi, inakamata mtandao wa huko, ujumbe ukagoma kufika.

Beni akanichungulia begani. "Unambadilishia mzee GPS?"

"Naiweka sawa."

"Utajuta," akasema. Lakini hakwenda kumsemea, hilo namshukuru.

Ijumaa ikafika. Noah iliharibikiwa njiani, Tusekile akaingia mchana badala ya asubuhi. Bosi hayupo, amekwenda msikitini.

Dada akachomeka waya, akafanya push. Ikawa inasubiri tu, haimalizi.

"Kwani server imekufa?"

Nikamwambia hapana, inatuma ujumbe mmoja mmoja, na kompyuta yako lazima isubiri mpaka hook imalize. Hilo ni kosa wanaoanza hulifanya, post-receive ikiwa na kazi ndefu iwekeni iende pembeni, la sivyo mtumaji anaganda. Nikamweleza nilichobadilisha. Akatazama script mstari kwa mstari, kama alivyozoea.

"Umeandika vizuri, mdogo wangu."

Hiyo ndiyo sifa ya mwisho niliyoipata kwenye ile ofisi.

Maana simu ya Bosi ilikuwa mfukoni mwa kanzu yake, na siku hiyo alisahau kuizima. Yeye ni mtu wa safu ya mbele, anaheshimika. Hotuba inaendelea, simu ikalia. Akaizima mlio kwa kupapasa, kumbe kagusa sivyo. Ikalia tena. Na tena. Watu wakageuka. Alitoka nje na viatu mkononi, na kule nje bado inalia.

Aliingia ofisini bado kashika simu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nani ananichezea?"

Tusekile akasimama. "Shikamoo Bosi. Ni kazi za wiki, zimeingia zote."

"Zimeingia kwa dakika moja?"

"Zimefanywa wiki nzima. Zimeingia leo."

"Tuse, lori haliwezi kutoka Isongole likafika Lusaka kwa dakika moja. Wiki mbili simu hailii. Nimekuonya, leo inalia mpaka naaibika mbele ya watu. Umekaa kwenye Noah unakata kata kazi moja ili inilie mimi. Unadhani sijawahi kuibiwa na dereva?"

Na hapo Beni, aliyekuwa amekata kata nafasi tupu wiki zote hizo, alikuwa anatazama kucha zake.

Wakuu, mimi ambaye sisemi, nilisema. Nilisimama kabisa.

"Bosi, mimi ndiye niliyebadilisha. Sasa hivi inahesabu kazi kweli. Soma tarehe. Hii ya Jumatatu, hii ya Jumanne. Zimeandikwa humo humo kwenye ujumbe."

Akanitazama. Nadhani hakuwa amewahi kusikia sauti yangu ikifika mwisho wa sentensi.

Akauliza, "Hizo tarehe anaziandika nani?"

"Kompyuta."

"Kompyuta ya nani?"

Hapo nikakwama. Maana ukweli ni kwamba tarehe ya commit inatoka kwenye kompyuta ya aliyeifanya. Laptop ya Tusekile. Anayetaka anaweza kurudisha saa nyuma na git haitamuuliza.

"Ya Dada Tuse," nikasema.

"Basi. Dereva akijiandikia mwenyewe saa aliyofika, mimi nimeliwa." Akamgeukia Tusekile. "Laptop ni ya ofisi. Iache mezani."

Sijawahi kuchukia jibu sahihi kama nilivyolichukia lile. Kwenye tarehe alikuwa sahihi. Kwenye kila kitu kingine alikuwa kipofu, na kwa kuwa alishinda hilo moja akajiona kashinda yote. Kazi yenyewe ilikuwa pale kwenye kioo, wazi, ungeweza kuibonyeza. Hakuitazama.

Tusekile hakulia. Alisema, "Bosi, ukurasa wa mafuta mawakala wako wanautumia tangu wiki ile. Nenda kawaulize nani kautengeneza."

"Sina haja ya kuuliza mtu. Nina simu."

Kisha akanigeukia mimi. Na hili ndilo linalonifanya niandike.

"Wewe si uliniambia siku unafunga hii kwamba kuna ile nyingine, ya kumrudisha mtu getini? Iandike sasa hivi. Jina la Tusekile likija, server ikatae."

Pre-receive. Mistari mitatu hivi, naijua kwa kichwa. Aliyenifundisha amesimama hatua chache kutoka kwangu, mkono wake bado uko kwenye laptop, na mimi naambiwa niandike jina lake kwenye geti.

Nikasema, "Siandiki."

"Unasemaje?"

"Siandiki, Bosi."

Akamgeukia Beni. "Beni, andika wewe."

Beni akasema hajui hooks. Alikuwa anazijua, tulijifunza pamoja. Akabaki anatazama keyboard kama kimempotea kitu humo.

Bosi akainama mwenyewe chini ya meza, kanzu na vyote, akaushika waya wa Tusekile akauvuta. Kile kidude cha plastiki cha kwenye ncha kikavunjika, kikabaki ndani ya mashine.

"Imekataa," akasema, akijipangusa magoti.

Dada akaomba jambo moja tu. Ndani ya laptop kulikuwa na picha za mama yake akiwa bado mzima, za harusi ya mdogo wao, mama amesimama mwenyewe na kitenge. Akaomba azihamishie kwenye flash, flash anayo kwenye pochi.

Bosi akasema, "Umeshacheza na hiyo kompyuta vya kutosha." Akaifunga, akaiweka kwapani, akatoka nayo.

Nikamsindikiza Dada mpaka stendi. Hakuongea kuhusu Bosi. Aliniuliza kama bado nina namba ya mwenye stationery. Nilipotaka kusema pole akanikata, "Nenda kachukue koti lako ofisini kabla hawajafunga, mvua inakuja." Tukapita duka la dawa, akanunua za wiki ile, akapanda.

Jumatatu sikurudi. Hakuna aliyenifukuza, nisijipambe. Nilishindwa tu kukaa kwenye kile kiti.

Sasa mtaniuliza ofisi ile imekuwaje. Wengi mnasubiri niseme ilianguka. Haikuanguka. Beni amekaa kwenye meza ya Tusekile, simu inalia siku nzima, Bosi kaongeza lori. Nipo tena stationery, na mawakala wanakuja kuchapa nyaraka kutoka kwenye ile ile programu. Ukurasa wa mafuta haujakosea hata mara moja. Mmoja ameniambia, "Hawa jamaa wa programu wako vizuri sana siku hizi, hawasumbui."

Haisumbui kwa sababu Tusekile aliiandika vizuri. Hicho ndicho kinachoniuma. Kazi yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba hata wamfukuze, inaendelea kuwalisha waliomfukuza.

Yeye yuko Isongole. Mama bado yupo hai. Analima maharage, na nikipata nafasi nakwenda, tunaongea Kindali, hatugusi habari za kompyuta.

Nilichojifunza, hasa kwa nyie mnaofunga hizi hooks maofisini.

Hook inajua tukio tu. Inajua kitu kimefika. Haijui kimetoka wapi, kimebebwa na nani, wala aliyekibeba alikuwa anamgeuza nani kitandani. Kabla hujaandika hata mstari wa kwanza, muulize aliyekutuma: ujumbe huu ukikufikia, utaufanyia nini? Asipojibu, usiandike. Akijibu kama Bosi wangu, usiandike pia.

Na post-receive yenye kazi ndefu iwekeni iende pembeni. Hilo nimeshasema.

Wapo watakaosema nilimkosea adabu mtu mzima kwa kukataa mbele ya watu. Mseme tu. Wanaojua zaidi yangu kuhusu git, nisahihisheni nilipokosea.

Ila kuna swali nawauliza wenye ofisi humu, na nataka mnijibu kweli. Mfanyakazi wako akikaa kimya kutwa nzima, huwa unadhani anafanya nini? Uliwahi kusogea ukatazama?